Ondoka Chini ya Mwarobaini: Mwongozo wa Baba Mtarajiwa

Kila hospitali ya Ukambani, kutoka Mwingi hadi Makindu, ina mti wake wa wanaume, mara nyingi mwarobaini. Hapo ndipo waume hukaa wake zao wakiwa leba, wakijadili bei ya ndengu, mvua iliyokataa kunyesha na nani atakuwa gavana. Kivuli chake ni kizuri, wala hakijawahi kumsaidia mama yeyote kuzaa. Bwana, ondoka hapo. Kazi yako iko ndani, na ilianza miezi mingi iliyopita.

Anza na kliniki. Nenda naye, hata kama akina mama kwenye benchi watakutazama kama mwizi wa kuku. Sogea, kaa, salimia. Fungua kijitabu cha mama na mtoto ukisome, maana si siri ya wanawake: mna tarehe ya kutarajia, mna kundi la damu, mna dalili za hatari. Zikariri kama unavyokariri ratiba ya ligi ya Uingereza. Kutokwa na damu, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni: ukiona hata moja, huulizi jirani, unatafuta gari.

Kisha pesa. Zamani Makueni tulijivunia MakueniCare, mpango ulioanzishwa mwaka 2016 chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Siku hizi neno ni SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi hufanya 3,600. Uza mbuzi mmoja mapema, ulipe, na uhakikishe jina la mke wako limo. Mbuzi anayeuzwa usiku wa manane, mama akiwa tayari kitandani, huuzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa barabara, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mvua yetu ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na ndiyo inayojaza mito ambayo miezi mingine ni mchanga mtupu. Tarehe 4 Desemba 2021 Mto Enziu, karibu na Mwingi, ulisomba basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya 30 walikufa. Kwa hiyo ukiwa Kyuso, Mutomo au Ikutha, na tarehe ya kujifungua imeangukia msimu huo, jiulize uko upande gani wa mto na hospitali iko upande gani. Kama jibu ni baya, mpeleke mama kwa shangazi aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla. Patana na watu wa boda wawili, mmoja wa zamu na mmoja wa akiba, wote wasiokunywa. Na uwe na namba ya mwenye gari, kwa sababu mama anayetokwa na damu hapandishwi pikipiki.

Mkoba upange wewe mwenyewe: leso, pamba, nepi, kofia na soksi za mtoto, beseni, sabuni, kitambulisho, kijitabu, chupa ya chai. Nesi akisema "leta leso" saa nane usiku, mkono wako uende moja kwa moja. Mtu asiyejua leso iko wapi humwaga mkoba wote sakafuni.

Najua wengi wenu mko Nairobi au Mombasa kutafuta riziki. Kutuma pesa ni wajibu, na Mungu awabariki. Lakini M-Pesa haipangusi jasho. Tarehe ikikaribia, panda matatu urudi.

Tumefika mlangoni. Huenda ukazuiwa, na mara nyingi sababu si ubaya wa wauguzi. Wadi nyingi zina vitanda vilivyopangwa wazi, na akina mama wengine wana haki ya kusitiriwa. Omba kwa heshima: "Sista, naomba kukaa na mama watoto, nitafuata utakavyosema." Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Serikali zetu za Kitui na Makueni, tunaomba mapazia. Ni kitambaa na waya tu, na yataingiza akina baba wengi kuliko semina yoyote.

Soma tena maneno hayo: anayemtaka mwenyewe. Akimtaka mama yake mzazi, mpishe. Nawe unajua nthoni, ile heshima inayomtenga mkwe na mama mkwe, haiwaruhusu kubanana kando ya kitanda kimoja. Pangeni zamu. Yeye akiingia, wewe kaa mlangoni, simu mkononi, usirudi mwarobaini.

Ukiwa ndani, jifunze saa za leba. Hatua yenyewe ya kasi huhesabiwa mlango wa kizazi ukishafunguka sentimita 5, na kwa uzazi wa kwanza inaweza kuchukua hata muda wa saa 12. Kabla ya hapo uchungu unaweza kuja na kwenda hata siku nzima. Basi usimwulize nesi kila dakika kumi, "Bado?" Msugue mama kiuno, mpe maji, mtembeze kama ameruhusiwa, pumua naye polepole. Akisema usimguse, toa mkono. Akikutukana, pokea, na kesho usimkumbushe. Sentensi moja imepigwa marufuku kabisa: "Jikaze, mama yangu alizaa tisa nyumbani." Mama yako alizaa tisa kwa uchungu, na hakukuwa na mtu wa kumsugua kiuno.

Daktari akisema upasuaji unahitajika, mwenye kutia sahihi ni mama. Usiitishe kikao cha wazee kwa simu. Na kama kundi la damu yako linakubali, jitolee. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa ya vifo vya akina mama wetu, na huua haraka.

Mtoto atatoka amepakwa utando mweupe, kichwa kimechongoka, rangi haieleweki. Hajaharibika. Atawekwa kifuani kwa mama na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Kulia ukitaka, lia. Mimi nililia, na mke wangu amenipenda zaidi kwa hilo.

Kuna anayesema uzazi haukuwa kamwe shughuli ya mwanamume wa Kikamba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulago, Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba katika desturi yetu mtoto alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake akamvisha mkufu shingoni. Mpaka hapo alihesabiwa kuwa bado wa mizimu. Wazee walimpa baba kazi, tena kubwa, katika siku zile zile ambazo wewe unataka kuwa sokoni.

Ya kwako ya leo ni hii. Chukua karatasi ya taarifa ya kuzaliwa pale hospitalini, au kwa naibu wa chifu kama mtoto amezaliwa nyumbani, ukamwandikishe kabla miezi 6 haijapita. Halafu chukua likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa wiki mbili kwa mshahara kamili, na wengi hawaziombi. Ziombe kwa maandishi tumbo likiwa bado la miezi saba. Ni wiki za kufua nepi, kupika uji na kubeba mtoto usiku ili mama alale, wala si za kwenda kukagua shamba la ndengu.