Kushika si Kazi, Kazi Kuachia

Jiwe la pambo la saizi ya SS6, lile linalomeremeta kwenye mikono ya buibui, lina upana wa milimita 2 hivi, sawa na punje ya ulezi. Huuzwa kwa grosi, yaani mawe 144, na fundi aliyeahidi ua zima la mgongoni humaliza grosi kadhaa kabla hajafika kwenye majani. Kila jiwe sharti liokotwe, ligeuzwe uso juu, lifikishwe mahali pake, kisha liachwe. Kazi tatu za mwanzo binadamu amezimudu. Hiyo ya nne ndiyo inayowatoa jasho wabunifu wa vifaa vya mkononi.

Wa kulaumiwa kwanza ni mashine. Mwaka 1892 Daniel Swarovski, mzaliwa wa Bohemia, alisajili hataza ya mashine ya kukata vioo vya mapambo, na mwaka 1895 akafungua kiwanda Wattens, Austria. Mawe yakawa mengi, vidole vikabaki vilevile kumi. Hata gauni alilovaa Marilyn Monroe mwaka 1962 alipomwimbia Rais Kennedy lilikuwa na mawe ya kuhesabika kwa maelfu, yote yameshonwa kwa mkono.

Katika miaka ya 1970 watazamaji wa televisheni Marekani walitangaziwa dawa ya usumbufu huo. Kampuni ya Ronco ya Ron Popeil ilileta kifaa cha plastiki cha kubana: pete yenye meno inakaa chini ya kitambaa, jiwe juu yake, unabana, meno yanatoboa na kujikunja juu ya jiwe. Kushika, kifaa cha namna hiyo kinashika kwelikweli. Shida ni kwamba hakina mpango wa kuachia. Jiwe likikaa kombo, kulibandua ni kuacha matundu manne kwenye shati. Na jino lisilojikunja vizuri humkwaruza mvaaji shingoni hadi sherehe iishe, watu wakidhani anaitikia kila kinachosemwa.

Kisha ikaja kalamu ya umeme, ambayo leo iko mezani kwa mafundi wengi wa mabuibui. Jiwe lake lina gundi kavu mgongoni. Fundi analishindilia ncha ya moto, jiwe linaingia kwenye kikombe kidogo, gundi inayeyuka kwa sekunde chache, anageuza kalamu na kuligandamiza kitambaani. Kwa maelezo ya kwenye boksi, imekwisha hiyo.

Mezani mambo ni mengine. Gundi iliyoyeyuka hupanda ukingoni mwa kikombe, na jiwe linalofuata hunata humohumo. Fundi anagandamiza, anainua, jiwe linapanda nayo. Anagonga kalamu kwenye ukingo wa meza mara moja, mara mbili; ya tatu jiwe linaruka likiwa la moto na kutua kwenye paja la mteja aliyekuja kuuliza kama nguo iko tayari.

"Fundi, umenichoma!"

"Pole, dada. Usitikisike tu, hilo jiwe nalihitaji."

Wabunifu wanaijua aibu hii, ndiyo maana ncha nyingi zina mpasuo pembeni: unapitisha sindano na kulisukuma jiwe litoke. Kwa hiyo kifaa kilichobuniwa kuondoa sindano kinatumika sindano ikiwa mkono wa pili. Kila saizi ya jiwe ina ncha yake ya kufungwa kwa kuzungusha, na kuibadilisha kunataka ipoe. Usiku wa kuamkia harusi hakuna anayengoja ipoe. Fundi anaishika kwa pembe ya kanga, kanga inatoa moshi. Feni ikiwashwa kupunguza joto, mawe ya SS6 yanahama meza. Ikizimwa, jasho la fundi linadondokea kitambaa cha nida, ambacho ni polyesta, na kalamu ikikawia hapo inaacha alama ya duara inayong'aa kuliko jiwe lenyewe.

Pampu za kufyonza nazo zimejaribu bahati. Kikombe cha mpira kikiwa kipana kuliko uso bapa wa jiwe, hewa inapenya na jiwe linaanguka njiani. Hapo angalau limeachia, ila pasipotakiwa.

Walioshinda ni mafundi wa kucha. Penseli yao ina ncha ya nta, au ni kijiti cha meno chenye kidonge cha nta ya nyuki. Nta inalishika jiwe kidogo tu, gundi iliyo kwenye ukucha inalishika zaidi, basi jiwe linahama lenyewe bila swichi wala waya. Mawe humwagwa kwenye sahani yenye mifereji, ikatikiswa taratibu, na mengi yanageuka uso juu bila kuguswa. Kwa ubunifu wote uliofanyika, kijiti hicho ndicho chenye akili kuliko vyote, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Kalamu ya umeme bado ina kazi yake kwa nguo zinazofuliwa, maana gundi ya moto huingia kitambaani. Anayekwenda kuinunua asihangaike na rangi ya mpini. Amuulize muuzaji jiwe linatokaje. Muuzaji akianza kueleza jinsi linavyoingia, arudishe pesa mfukoni.