Jinsi ya Kutazama "Sheena" Ukiwa Kashebere

Kabla ya yote, betri ijae. Filamu hii ya Marekani ya mwaka 1984 ina dakika 117, na sola iliyoshinda chini ya mawingu ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haifiki mwisho wake. Chomoa simu zote zinazochajiwa. Wenyewe watanung'unika, waambie wavumilie. Ziba mianya ya ukuta wa mbao kwa kikwembe, weka ordinateri juu ya kreti, kisha waite wamama wazee wakae mbele kabisa.

Mbele, ndiyo. Usiwapeleke nyuma eti hawajui Kiingereza. Tanya Roberts, ambaye ndiye Sheena mwenyewe, atatokea akikimbia juu ya pundamilia, na pundamilia yule ni farasi aliyepakwa rangi. Msituni Walikale hakuna pundamilia, lakini mtu aliyekulia kwenye malisho anajua shingo ya mnyama na mwendo wake. Mama mmoja atasema, "Huyu wamempaka." Usimnyamazishe. Ameona kweli.

Watoto watauliza Tigora, nchi ya kwenye filamu, iko wapi. Haiko popote, milima wanayoiona ni ya Kenya, ambako filamu ilipigwa. Wasichana nao watauliza mtu aliyelelewa porini anachanwa na nani nywele zile za dhahabu kila asubuhi. Wajibu kwamba kampuni ya filamu ilikuja na wasusi wake. Ni vizuri wakajua mapema kwamba uzuri wa kwenye skrini una wafanyakazi.

Ukifika kwenye habari ya mlima, simamisha picha.

Mwana wa mfalme, Otwani, anautaka mlima wa kabila la Wazambuli kwa sababu ndani yake kuna titani. Kwa ajili hiyo kaka yake, ambaye ni mfalme, anauawa, kosa anasingiziwa mganga asiye na hatia, kisha wanakuja askari wa kukodiwa. Sheena alianza kama katuni mwaka 1937, na waliomtunga walikuwa wanatafuta burudani. Lakini Kashebere iko mpakani mwa Masisi na Walikale: upande mmoja kuna koltani ya Rubaya, upande mwingine kasiteriti ya Bisie. Hapa hakuna haja ya kumtafsiria mtu namna utajiri wa mlima unavyoleta bunduki. Mpe mzee mmoja nafasi asimulie sehemu hii kwa maneno yake, hata kama betri inaliwa. Atafika mbali kuliko mwandishi wa filamu, ambaye kwake shida hiyo inakwisha msichana mmoja akigusa paji la uso na kuita wanyama.

Sasa mtazameni huyo mganga. Yeye ndiye aliyemwokota Sheena akiwa yatima, akamlea, akamfundisha kusema na wanyama. Wamarekani waliitazama filamu nzima wakimwangalia msichana wa nywele za dhahabu, na wengi hawakumuuliza mama huyu ni nani. Filamu yenyewe haikumpa hata jina. Anaitwa mganga, basi.

Anayemwigiza ni Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Toro iko ng'ambo ya milima ya Ruwenzori. Ukisimama Beni, yeye ni jirani wa upande wa pili wa theluji. Alisoma Cambridge, akawa wakili Uingereza mwaka 1965, akapamba kurasa za magazeti ya mitindo. Mwaka 1974 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uganda, mpaka Idi Amin alipomfukuza mwaka huohuo. Miaka miwili baada ya "Sheena" kutoka, alirudi Marekani akiwa balozi wa nchi yake. Mwanamke aliyesimama mbele ya mataifa akiisemea Uganda, Hollywood ilimwona anafaa kuwa mganga asiye na jina. Hilo linaniuma kila ninapoitazama filamu hii, na bado naitazama kwa ajili yake: anavyosimama, anavyogeuza kichwa taratibu, unaona mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kwa hiyo rudisha nyuma sehemu zake, mzione mara ya pili. Halafu chukua kalamu uandike kwenye karatasi ya kufungia kadi yenye filamu: Elizabeth Bagaya. Jina la Tanya Roberts lisikuhangaishe, limo kwenye jalada tangu 1984.