Moto na Baridi Katika Nchi ya Waingereza

Kwa Jenabu Mjomba na jamaa wote wa Ngamiani, Tanga,

Mimi huku Leeds ni buheri wa afya, ila moto na baridi, ambao tangu utotoni tuliwajua kuwa ni mahasimu wenye mipaka yao, nimewakuta Uingereza wakiishi kwa kanuni nyingine kabisa. Na kwa kuwa mliniusia niwaandikie habari za nchi, naona nianze na hiyo kabla ya habari za mshahara, ambazo ni fupi.

Nyumba niliyopanga ina beseni la kunawia lenye mabomba mawili yaliyotengana kadiri ya shubiri: la kulia hutoa maji ya kuumiza mifupa, na la kushoto hutoa maji ambayo kwetu yangetosha kumnyonyolea kuku. Alfajiri ninapotawadha kiganja kimoja huungua na cha pili hufa ganzi, na ule uvuguvugu ambao fakihi na daktari wote wangeuridhia haupatikani popote isipokuwa hewani, baina ya bomba na bomba. Nilimwuliza mwenye nyumba, mzee mwenye adabu, akanieleza kwamba zamani maji ya moto yalitoka katika tangi lililowekwa darini, ambamo vumbi na panya hawakukosa njia, ilhali maji baridi yalikuja moja kwa moja kutoka bomba kuu la mji, safi ya kunywa. Basi kanuni zikakataza yasichanganyike, yale ya darini yasije yakayaharibu ya kunywa. Nyumba mpya zina bomba moja lenye kuchanganya, lakini kodi zake ni za watu wengine. Mimi nimenunua kopo.

Rafiki yangu wa Pangani aliyehamia Italia ananisimulia la ajabu zaidi, kwamba herufi C juu ya bomba, ambayo huku ni alama ya baridi, kule ni alama ya moto, kwa kuwa kila taifa limechora herufi ya kwanza ya neno lake. Hivyo Mwingereza anayekwenda Roma kuoga huimba kwa sauti ambayo hakuikusudia. Wala tusiwacheke hao peke yao. Mtaalamu wa Uswidi, Anders Celsius, alipotunga kipimo chake cha joto mwaka 1742, maji yanayochemka aliyapa 0 na maji yanayoganda akayapa 100, na ni wengine waliokigeuza muda si mrefu baadaye. Lau wasingejasiri kufanya hivyo, Tanga ya mchana ingesomwa nyuzi 70 na Leeds ya Januari nyuzi 95, nasi ndio tungetumiwa makoti ya msaada.

Linalonitia bumbuazi hasa, hata hivyo, ni mtabiri wa hali ya hewa. Kwetu muuza duka huuliza, "Soda ya moto au ya baridi?" na hiyo ya moto haijaona moto hata wa kiberiti, ni ile tu iliyobaki kwenye kreti, maana kwetu kisichopozwa kimekwisha kuwa cha moto. Hawa wamelipindua jambo: kisichoganda si baridi. Mwezi wa Januari, nyuzi 10, manyunyu yanaingia kwenye kola na upepo unasukuma kisogo, na mtabiri anatabasamu akisema kuwa leo hali ya hewa ni ya uvuguvugu wa upole. Zile nyuzi 20 ambazo wakati wa kipupwe huwatoa wazee wetu alfajiri wamejitia makoti ya sufu, huku huwavua vijana mashati wakajilaza kwenye majani ya bustani kama waliofunguliwa kifungo.

Na tabia za watu nazo huzipima kwa kipimo hicho hicho. Mkarimu husemwa kuwa ana joto, na asiye na mapenzi husemwa kuwa ni baridi. Jirani yangu, bibi mmoja wa makamo, alinisifu kwa joto hilo mbele za watu, nami nikamshukuru, ingawa Ngamiani mtu akitajwa kuwa ni wa moto majirani huficha visu. Sisi tuliolelewa katika hari na fukuto heri zetu tumeziweka upande wa pili: mwenye kustarehe huburudika, mwenye hasira akitulia hupoa, na chuoni tulifundishwa kuwa Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, rehema iliyomfikia ilikuwa ni ubaridi. Wajerumani wenyewe walipotutawala hawakukawia kuikimbia pwani na kupanda milimani, wakajijengea Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wapate kulala na blanketi. Kumbe Mzungu naye, akishapata jua la kumtosha, hukiri kuwa kauli yetu ndiyo sahihi.

Basi, Mjomba, kijana wako atakapokuja Januari kuanza masomo, mwambie asimsadiki mtabiri akisema uvuguvugu. Aje na soksi za sufu, na aje na kopo lake mwenyewe, kwani la kwangu siazimi.