Figo za Gari Ndani ya Friza

Gari langu, Toyota Ist, lilianza kupiga hodi. Kila nikivuka tuta, huko nyuma nasikia ko, ko, ko. Kwa miezi mitatu dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Siku nilipompakia mama mkwe kutoka Buguruni, tukavuka tuta la kwanza, akanishika bega: "Baba Nasri, simama. Kuna mtu kwenye buti."

Fundi alilala chini ya gari nusu dakika, akatoka na hukumu: bushi za ekseli ya nyuma zimekufa. Ist huko nyuma haina mambo mengi. Ekseli ni kipande kimoja cha chuma kinachounganisha tairi mbili, na mbele yake kimeshikwa kwenye bodi kwa bolti mbili, kila moja imepita katikati ya bushi. Bushi yenyewe ni mpira ulionatishwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine. Mpira ukichanika, chuma kinasalimiana na chuma.

Ufundi, akasema, elfu sitini. Nikapiga hesabu: bolti mbili, kila bolti elfu thelathini! Nikamwambia nitamtafuta. Mwanamume akishaanza kugawa bei ya fundi kwa idadi ya bolti, mke wake ajue tu kwamba Jumapili hiyo hakuna kwenda popote.

Bushi nilizifuata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Jumamosi usiku nikazitia kwenye friza, maana chuma kikipoa husinyaa kidogo na bushi huingia kwa urahisi. Hilo ni kweli, wala sikulitunga. Asubuhi mama mkwe akafungua friza kutafuta vibua.

"Hizi nyeusi ni figo za nyama gani?"

"Za gari, mama."

Akafunga friza taratibu. Mchana ule alikula maharage, na vibua hakuvigusa.

Nikapandisha gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi mbili za kuazima, nikatoa tairi. Watoto wa mtaa wakakaa kwenye ukuta kutazama. Bolti ya kulia niliiacha kwa muda, nikaanza na ya kushoto. Haikutikisika. Nikapachika bomba la maji kwenye mpini wa soketi ili nipate nguvu, nikavuta mpaka nikaona nyota. Mzee jirani yangu, mstaafu, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha kahawa muda wote huo. Alipomaliza kahawa akauliza kwa upole:

"Mwanangu, unafungua au unakaza?"

Ukilala chali chini ya gari, kulia na kushoto hubadilishana bila kukuaga. Nilikuwa nakaza.

Bolti ilitoka, ekseli ikashuka upande mmoja. Nikaiegemeza kwenye gogo ili isining'inie kwenye mipira ya breki. Bushi ya zamani haikutaka kuhama kwa heri. Nilikata kibomba chake cha nje kwa msumeno wa chuma, nikakigonga kwa tindo, kikatoka vipande vipande pamoja na kutu na maneno ambayo mama mkwe hakupaswa kuyasikia.

Bushi hizi zina nafasi mbili tupu ndani ya mpira, na lazima zielekee pale pale zilipoelekea za zamani. Hilo nililijua. Nikachora alama kwa chaki ya Nasri kwenye ekseli, nikajisifu. Kisha, kwa kupenda usafi, nikaosha ekseli kwa mafuta ya taa. Alama ikaondoka na uchafu. Kilichoniokoa ni uvivu: upande wa kulia ulikuwa bado haujaguswa, nikaenda kuchungulia huko.

Bushi mpya nikaipaka sabuni ya vyombo, kwa sababu grisi hula mpira, nikaivuta ndani kwa bolti ndefu, washa nene na soketi kubwa. Kisha nikahamia kulia, nikarudia yote. Mke wangu alipoona friza imetumika, sabuni imetumika, akauliza kama jiko nalo nitalihitaji.

Saa kumi na mbili jioni nilikaza bolti zote mbili kwa nguvu zote, gari likiwa bado juu ya stendi. Nikalishusha. Nyuma likabaki limenyanyuka, utadhani kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema moyoni, ni upya huo.

Kesho yake fundi alipita, akalitazama kwa mbali, akacheka kabla hajafika.

"Bosi, ulikaza tairi zikiwa zinaning'inia."

Bolti ikikazwa hubana kibomba cha ndani kwenye bodi, hakizunguki tena. Ekseli ikipanda na kushuka, ni mpira ndio unaojisokota. Mimi niliubana ekseli ikiwa chini kabisa, kwa hiyo gari lilipotua mpira ulikuwa umeshasokoteka hata kabla hatujatoka getini. Ungechanika baada ya muda mfupi. Fundi akalegeza bolti mbili, akalitikisa gari likiwa limesimama kwa tairi zake, akakaza. Nyuma ikashuka. Dakika kumi. Pesa alikataa, akaomba soda.

Akiwa anamalizia soda aliinama tena, akamulika kwa simu, akagusa bushi ya kushoto, akagusa ya kulia.

"Uliingiza mwenyewe hizi?"

"Mwenyewe."

"Zimekaa."

Nimempigia simu kila ninayemjua kumwambia neno hilo.