Nusu ya Picha Nakudai

Kwa Bwana Mkubwa uliyeshika ufunguo wa senema ya Majestic, Zanzibar.

Nakuandikia kwa adabu nikiwa barazani Vuga, kuulizia jambo dogo tu: mapumziko yanakwisha lini? Sisi wa picha za Kihindi tunajua kuwa katikati taa huwashwa, watu wakatoka kununua njugu na kashata, kengele ikilia wakarudi. Basi tulitoka. Kengele haijalia. Mjukuu wangu ananambia, "Babu, picha imeshakwisha hiyo." Namkemea: stelingi hafi.

Usijilaumu, Bwana Mkubwa. Jumba lenyewe limezoea misukosuko. Lilianza 1921 kwa jina la Royal, kwa ramani ya Mwingereza J. H. Sinclair. Moto ukalila, na 1955 likasimama upya likiitwa Majestic. Waliolisimamisha walikuwa wafanyabiashara tu, maskini. Hawakuwa na kamati wala semina.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya senema yakataifishwa. Tukafurahi: mali ya umma! Leo umma uko nje na popo wako ndani. Zamani, Jumapili, tiketi ya picha ya Raj Kapoor ulinunua kwa mlanguzi kwa bei ya kuumiza. Popo hata foleni hawaijui. Na paa lilipoanguka tukakuombea dua. Tulikuwa tukilipa kumwona nyota mmoja wa Bombay, sasa umetufungulia nyota zote za mbinguni, bure.

Mwaka 2000 UNESCO wakautia Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Dunia imesharithi, alhamdulillahi. Sisi wafiwa tunachungulia tundu la kitasa.

Nasikia kikwazo ni gharama za paa. Lakini tangu 1998 tuna tamasha la filamu, na wageni kutoka nchi za mbali hukaa Ngome Kongwe wakaangalia picha chini ya mbingu tupu, na kupiga makofi wakapiga. Kumbe paa si hoja. Ufunguo je, umepotea?

Kengele ikilia, usiwasahau kina mama. Walikuwa na onesho lao peke yao, wakija na mashoga zao na watoto wa kunyonya, wakalia kwa raha zao pasi na mume kuuliza kulikoni. Bibi yake mjukuu wangu buibui la kuendea senema bado analo, limekunjwa sandukuni.

Wako mtiifu, niliyebaki nje na kipande cha tiketi mfukoni. Nusu ya picha nakudai.