Kibodi ya Vizibo

Mtaala wa umilisi (CBC) hapa Kenya unataka kila mtoto awe na stadi saba za kimsingi, na mojawapo ni ujuzi wa kidijitali. Hizo nyingine sita sina ugomvi nazo. Hii moja ndiyo inayonila mshahara.

Binti yangu wa gredi ya nne hukumbuka kazi ya nyumbani Jumapili usiku, sufuria zikishaoshwa. "Baba, mwalimu amesema kesho twende na kibodi." Kibodi gani? Ya katoni. Herufi ziandikwe kwenye vizibo vya soda, kisha vibandikwe kwa gundi. Haya niambie, nyumba ya walokole itatoa wapi vizibo 26 saa tatu usiku? Nilivaa koti nikashuka hadi baa ya pale steji, nikainama chini ya meza za watu nikiokota. Mhudumu akaniuliza kwa huruma kama mambo yamefikia hapo. Niliporudi nikinuka pombe ambayo sikuionja, mama watoto hakutaka kusikia habari za mtaala.

Kupanga nako ni kisirani. Mimi nilianza na A, binti akanicheka: ni Q, W, E, R, T, Y. Huo ni mpangilio wa Mmarekani Christopher Latham Sholes, aliyeuunda miaka ya 1870 akihangaika na taipureta. Mzee, ungetuachia A, B, C tungelala mapema.

Nikadhani yamekwisha. Jumatatu jioni ukaja ujumbe kwenye kikundi cha wazazi: mpige picha mtoto akitumia kibodi, ichapishwe kwa rangi, aje nayo kesho. Akitumia vipi? Anabonyeza kizibo cha Fanta, kinang'oka. Tukapiga picha hivyo hivyo, nikanunua bando, nikamtumia kijana wa saiba, akanitoza ya rangi halafu akatoa karatasi ambayo mtoto ana uso wa kijani. Hayo ndiyo masomo ya kidijitali: simu yangu, bando langu, miguu yangu.

Kinachoniudhi ni kwamba vifaa vipo. Mnakumbuka kampeni za uchaguzi wa 2013, tulipoahidiwa laputopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikazozaniwa, kesi zikaenda na kurudi, na 2016 vikaanza kusambazwa vishikwambi badala ya laputopu. Waliokuwa darasa la kwanza siku za ahadi hiyo sasa wananyoa ndevu. Vishikwambi vya shule yetu nimeviona kwa macho yangu siku ya mkutano wa wazazi: vimepangwa ndani ya kabati la chuma, vingine bado vina nailoni, kufuli juu. Nilipouliza, nikaambiwa watoto wataviharibu. Sasa betri zinajifia zenyewe humo humo, bila kuguswa na mtoto yeyote.

Na huyu mtoto anayeogopewa ndiye anayejua nywila ya simu yangu. Juzi alifuta picha za harusi yangu apate nafasi ya mchezo wa magari. Mpeni kishikwambi, jamani, ajifunze kitu cha maana!

Wazazi wenzangu, mkutano wa muhula unakuja. Tukifika kwenye mengineyo, tuulize kwa sauti moja: ufunguo wa lile kabati uko kwa nani?