Barua ya Wazi kwa Wenye Kibao Kisichosomeka

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Kusimamia Maegesho ya Magari (jina nakusitiria),
Uingereza.

YAH: RUFAA DHIDI YA TOZO YA PAUNI 100 KWA KOSA LA KUTOSOMA KILICHO JUU YA MLINGOTI

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda huijui, lakini jambo hilo lisikusumbue. Kwa utaratibu wa kampuni yako, maandishi humfunga mtu yanapobandikwa, si anapoyaelewa. Nami barua hii nimeibandika. Ukiipitia kwa jicho, hata kwa mbali, hata gizani, umekwisha kuyakubali masharti yake yote. Sharti la kwanza ni kwamba unadaiwa samahani. Ukiitoa ndani ya siku 14 utapata punguzo la asilimia 40.

Notisi yenu imenifikia, tena ndani ya muda wa kisheria, na kwa hilo nawapongeza. Inasema gari lililoandikishwa kwa jina langu liliingia kwenye maegesho ya maduka fulani hapa Leicester magharibi moja ya Ramadhani, likakaa dakika 47, likaondoka bila "kusajiliwa". Adhabu yake pauni 100, au 60 nikijipeleka mapema. Mmeambatanisha picha mbili, gari likiingia na gari likitoka. Nimezitazama kwa mshangao. Giza linaingia, manyunyu yanaanguka, na bado kila herufi ya namba ya gari inasomeka kama imeandikwa kwa chaki ubaoni. Kumbe mnao uwezo wa kufanya maandishi yasomeke gizani! Ila uwezo huo mmeuweka upande wenu tu.

Kuhusu dereva, naomba radhi, sitamtaja. Sheria za nchi hii hazinilazimishi kuiambia kampuni binafsi ni nani aliyeshika usukani, nami ni mtu wa kufuata sheria. Nitasema tu kwamba ni mtu ninayemfahamu kwa karibu, mwenye swaumu sawa na yangu, na saizi ya viatu haitofautiani. Yaliyomkuta ninayajua kana kwamba nilikuwepo.

Dereva huyo alikuwa anawahi unga wa sembe na mihogo ya kugandishwa kabla ya adhana. Alipokunja kona kuingia, kibao chenu cha mlangoni kilikuwa mkono wa kulia, nyuma ya mti, kimegeuzia uso wake upande wa wanaotoka. Ndani akakuta kingine, kwenye nguzo ya taa ambayo taa yake imekufa. Maneno makubwa yalisema "SAA 2 BURE", nayo yalionekana hata kwa mwanga wa magari yanayopita. Akashukuru Mungu, akaegesha kati ya mistari, akaingia dukani, akanunua, akalipa. Risiti ninayo.

Mimi, kama mwenye gari, nilikwenda baadaye mchana kukitazama kibao hicho. Chini ya "SAA 2 BURE" kuna mistari minane ya maandishi ya kijivu juu ya buluu, herufi zake hazifiki nusu ya kucha ya kidole kidogo. Kibao chenyewe kimepigiliwa juu kiasi kwamba nilisimama kwa ncha za vidole na bado nikasoma nusunusu. Iliyobaki ilikuwa imefunikwa na kinyesi cha njiwa. Niliinua simu, nikapiga picha, nikaikuza, ndipo nikakutana na sharti lenu: saa mbili ni bure kwa mteja aliyeingiza namba ya gari lake kwenye kishikwambi kilichomo dukani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakuwahi kuegesha kwenu. Mtaka chenu sharti apande ngazi.

Nikaingia dukani kukitafuta kishikwambi. Kipo, sibishi. Kipo mwisho wa kaunta, nyuma ya maboksi ya tende yaliyopangwa kwa heshima ya mwezi mtukufu, mpaka yakakifunika chote isipokuwa waya wa umeme. Mhudumu alinyanyua maboksi mawili ili anionyeshe. Nilimuuliza kama wateja huwa wanakiona, akacheka.

Sasa tuje kwenye barua yenu ya vitisho, hasa aya mnayoipenda ya kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis. Mnaniambia kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa tozo kama hizi ni halali. Ni kweli. Bwana Beavis aliegesha kwenye eneo la maduka mjini Chelmsford, akapitiliza saa mbili za bure kwa dakika 56, akatozwa pauni 85, akapeleka shauri hadi juu kabisa na akashindwa. Lakini mheshimiwa, hukumu ile mmeikata kichwa mkabaki na mkia. Eneo lile lilikuwa na vibao vipatavyo 20, vikubwa, vinavyosomeka, vikitaja muda na kiasi cha pesa waziwazi, na majaji walilizingatia hilo. Ninyi mmeichukua hukumu ya Bwana Beavis, vibao vyake mkaviacha Chelmsford.

Kwa kuwa mnapenda kesi, nawaongezea mbili, bila malipo hata kwa wasiojisajili. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking. Mpiga tarumbeta alichukua tiketi kwenye mashine ya gereji, akaumia alipokuja kuchukua gari, na wenye gereji wakasema masharti ya kuwakinga yalikuwa yamebandikwa humo ndani. Jaji Denning hakukubali. Aliona kuwa mashine unaweza kuilalamikia mpaka kuitukana, nayo haitikisiki. Na kwamba sharti zito namna ile lingefaa kuandikwa kwa wino mwekundu, na mkono mwekundu ukilinyooshea kidole. Wino mwekundu, mheshimiwa, wala si kijivu juu ya buluu.

Ya pili ni ya mwaka 2000. Bibi Vine aliugua ghafla akiwa njiani, akasimamisha gari kwenye kiwanja cha watu, akashuka kutapika, na aliporudi akakuta gurudumu limefungwa. Kibao cha onyo kilikuwepo, ila gari lingine lililoegeshwa hapo lilikiziba. Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi: hakukiona, kwa hiyo hakukubali chochote. Basi kama gari la mtu mwingine linatosha kuziba makubaliano, mti, taa iliyokufa, njiwa na maboksi ya tende kwa pamoja si haba.

Najua minyororo ya magurudumu ilikwisha. Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka 2012 iliipiga marufuku kwenye viwanja vya watu binafsi, England na Wales. Sheria hiyohiyo ikawapa zawadi ya kufuta machozi: mkishindwa kumpata dereva, mnaweza kumdai aliyeandikishwa kuwa mwenye gari. Mnyororo ulitolewa gurudumuni ukatiwa kwenye bahasha. Ila zawadi ile ina masharti, na mojawapo ni kwamba tozo iwe imetangazwa vya kutosha mahali palepale gari lilipoegeshwa. Isitoshe, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka masharti ya maandishi yawe wazi na yasomeke, na yakiwa na utata, mlaji ndiye anayepewa tafsiri inayomfaa. Ninyi mmeandika "SAA 2 BURE" kwa herufi za kuonekana barabarani. Dakika 47 ni pungufu ya saa 2 kwa hesabu ya darasa la pili.

Nimejiuliza kwa nini kampuni yenye kamera za gharama vile ishindwe kununua globu. Nikakumbuka kuwa hakuna mvuvi anayebandika onyo kwenye mlango wa dema. Dereva akisoma kibao, atajisajili au ataondoka, na vyote viwili haviwaingizii senti. Asiposoma, mnalipa pauni 2.50 kwa wakala wa serikali wa usajili wa magari, DVLA, mnapewa jina na anwani yake, kisha mnamwandikia kudai pauni 100. Kampuni za maegesho zilinunua kumbukumbu zaidi ya milioni 12 za namna hiyo katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Kwa biashara hiyo, taa ikiwaka ni hasara. Kibao kile hakikuharibika. Kinafanya kazi yake kama kilivyokusudiwa.

Mtaniambia mnazo kanuni zenu za maadili. Nimezisoma. Vyama vyenu viwili, BPA na IPC, viliungana vikatoa kanuni moja, ikaanza kutumika Oktoba 2024. Humo mmempa dereva angalau dakika 5 tangu anapoingia atafute kibao, akisome, akielewe, aamue kubaki au kuondoka. Ninyi wenyewe, kwa maeneo ya zamani, mmejipa hadi mwisho wa mwaka 2026 kurekebisha vibao. Yaani kusoma ni dakika tano, kuandika ni zaidi ya miaka miwili. Walimu wetu wa shule ya msingi wangefurahi kupata nafasi kama hiyo ya kusahihisha madaftari.

Bunge nalo halikulala. Mwaka 2019 lilipitisha sheria ya kuitaka serikali iandike kanuni za maegesho binafsi. Februari 2022 kanuni zikatoka, zikishusha tozo nyingi hadi pauni 50. Wenye biashara wakaenda mahakamani, na Juni mwaka huohuo serikali ikaziondoa. Mwaka 2025 ikarudi tena kuwauliza wananchi maoni. Sina haja ya kuwapa pole kwa usumbufu huo wote; naona mmeuvumilia vizuri.

Kwa hiyo, mheshimiwa, maombi yangu ni machache. Nitumie picha ya kibao kilichopo mlangoni, iliyopigwa kutoka kiti cha dereva, saa ileile ya jioni, kwa mwanga uleule. Nitumie ramani inayoonyesha vibao vyote vilipo, na rekodi ya lini taa ya nguzo ile iliwaka mara ya mwisho. Nitumie mkataba unaoonyesha kwamba mwenye kiwanja amekupeni mamlaka ya kutoza. Kama hamnavyo, futeni tozo mniandikie hivyo kwa maneno mawili, nami sitajali ukubwa wa herufi. Kama mnakataa rufaa hii, nipeni namba ya kupeleka shauri POPLA, chombo cha rufaa za maegesho, ambacho uamuzi wake unawafunga ninyi ila haunifungi mimi. Pauni 60 za upendeleo baki nazo. Sinunui punguzo la deni nisilodaiwa.

Wako katika kutafuta mwanga,

Aliyeandikishwa kuwa mwenye gari (dereva anakusalimu)

NAKALA KWA:

Waswahili wote wenye magari Uingereza. Ndugu zangu, notisi ya kampuni binafsi si faini ya halmashauri wala ya polisi, hata ikivaa rangi za kutisha. Lakini msiitupe. Piga picha za vibao siku hiyohiyo, usiku kama ulikuwa usiku, na utunze risiti. Andika rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28, ukizungumza kama mwenye gari, bila kusema nani aliendesha. Wakikataa na ni wanachama wa BPA, nendeni POPLA; kama ni wa IPC, chombo chao ni IAS. Barua za wakusanya madeni zitakuja na kuongeza hadi pauni 70. Hao si madalali wa mahakama na hawawezi kugusa hata kijiko chako. Ila siku ikija karatasi ya mahakama yenyewe, jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa sababu hukumu ya kutojibu, usipoilipa ndani ya mwezi, hukaa kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka 6.